Uji Hauliwi

Nianze na ukweli: Fundi nilimpenda. Wapo wenzangu ambao leo wanajifanya walimshuku tangu siku ya kwanza, na mimi nawaangalia tu, maana niliwaona kwa macho yangu wakimpigia makofi. Kabla hajaletwa hapa Hospitali ya Miombo, Tabora, mgonjwa mmoja wa picha ya nyonga alikuwa ananimalizia nusu ya asubuhi. Afunge kula, aandaliwe, achomwe sindano ya kutuliza matumbo, alale, akohoe, turudie. Foleni nje inanung'unika. Fundi alipokuja, mgonjwa anaingia saa mbili na nusu, robo saa baadaye ameshavaa viatu vyake anaondoka. Nani asingempenda?

Jina lake la kwenye makaratasi ni Mfumo wa Ukamilishaji wa Taswira. Sisi tulimwita Fundi Cherehani, kwa sababu kazi yake ilikuwa hiyohiyo. Picha ikitoka na ukungu, anaufuta. Ikitoka na tundu, anatia kiraka, na kiraka chenyewe hukioni hata uinamie kioo mpaka pua iguse. Basi wakubwa wakaona, kama Fundi anashona chochote, kumwandaa mgonjwa ni kwa nini tena? Chumba cha maandalizi kikafungwa. Mapokezi pakawekwa kibanda kinachozungumza, kinamuuliza mgonjwa maswali matatu kwa sauti nzuri ya kike, mgonjwa anajibu, mlango unafunguka. Maswali hayo nitayarudia mbele, kwa aibu.

Mimi naitwa Sikudhani Mloka, Mzaramo niliyetupwa Unyamwezini kwa barua ya uhamisho, huu mwaka wa kumi na moja. Ninaendesha mashine ya sumaku. Watu huiita ya mionzi na nimechoka kuwasahihisha. Haina mionzi hata chembe. Ni sumaku kubwa inayoyachezesha maji ya mwilini na kusikiliza yanavyoitikia, na ukitaka isikie vizuri, kilichomo mle ndani lazima kitulie.

Jumatano ile aliingia Kalunde Mihayo, mrina asali kutoka Sikonge, miaka ishirini na tisa, ameolewa, hajazaa. Maabara ilikuwa imeshasema: saratani, mlango wa kizazi. Lililobaki lilikuwa swali moja, na jibu lake lilitakiwa kutoka kwenye mashine yangu. Kama uvimbe bado umo ndani ya mlango, daktari mpasuaji angeukata mlango peke yake na kumwachia kizazi chake. Kama umevuka na kuingia kwenye nyama za pembeni, kisu hakiufuati tena. Hapo ni mionzi, mionzi ya kweli, na kizazi hakiponi. Jopo la madaktari lilikuwa linakaa saa nane mchana siku hiyohiyo kuamua.

"Dokta," aliniambia akipanda kitandani, "nitulie namna gani?"

Mimi si dokta, lakini nilishaacha kubishana na hilo pia.

"Tulia tu kama umelala."

"Nitatulia kama niko mzingani. Nyuki hawapendi mtu anayehema ovyo."

Sikumsikiliza sana. Nilikuwa na wagonjwa kumi na wanne nyuma yake.

Nikamwingiza. Mashine ikagonga, ikavuma, ikagonga. Kamera ya ndani ilinionyesha uso wake, na nawaambia, kwa miaka yangu yote sijaona mtu ametulia vile. Kope hazikucheza. Kifua kilipanda kidogo, kikashuka kidogo, basi. Dakika kumi na mbili zikaisha, na Fundi akasema kwa ile sauti yake ya adabu:

"Taswira imekamilika. Uhakika, asilimia tisini na saba. Uvimbe umevuka upande wa kushoto."

Picha ilikuwa nzuri. Safi, kingo zake zimekatwa vizuri, na kushoto, pale penye mduara mweusi wa nyama ngumu unaozunguka mlango wa kizazi, mduara ulikuwa umekatika. Nikapeleka kidole kwenye neno POKEA. Ndipo nikaona namba ndogo chini ya kioo, ile ambayo siku zote naipita: sehemu iliyoshonwa, asilimia thelathini na nane.

Nikamtazama tena Kalunde kwenye kamera. Bado hajatikisika, ingawa mashine ilishazima na hakuna aliyemwambia aendelee kutulia. Mtu ametulia kama jiwe la kusagia, viraka asilimia thelathini na nane vya nini?

Kuna kitufe ambacho karibu hatukigusi. Kinaitwa FUMUA. Ukikibonyeza, Fundi anatoa nyuzi zake zote na kukuachia picha kama ilivyotoka mwilini, na jina lako linaandikwa: kuanzia hapo picha ni dhamana yako wewe, si yake. Watu wameachishwa kazi kwa kitufe hicho. Nikakibonyeza, na sijui hata leo mkono wangu ulipata wapi ushujaa huo.

Ukungu. Katikati ya nyonga palikuwa na wimbi juu ya wimbi, matumbo yamecheza dakika zote kumi na mbili. Nyuma, utumbo mkubwa ulikuwa umejaa hewa, na hewa hiyo imeivuta picha na kuipinda. Kibofu kilikuwa kitupu kabisa, kwa hiyo matumbo yameshuka na kukaa juu ya kizazi. Pembeni kidogo palikuwa na doa jeusi nisilolielewa. Na ule mduara upande wa kushoto haukuwa umekatika. Haukuwa mzima pia. Haukuwepo, palikuwa na ukungu tu.

"Fundi," nikasema, "hiki kipande cha kushoto umekitoa wapi?"

"Kipande hicho kimejengwa kutokana na taswira elfu arobaini na moja za wagonjwa wenye hali inayofanana."

"Walikuwa wamefika hatua gani?"

"Asilimia themanini na tatu walikuwa na uvimbe uliovuka."

Bila shaka walikuwa nao. Wanawake wa kwetu wanakuja wamechelewa, wametoka kwa mganga, wametoka kwa mama mkwe, wamesubiri mavuno yaishe. Fundi amejifunza kwao. Akikuta tundu, analiziba kwa kitambaa alichonacho kwa wingi.

"Na Kalunde Mihayo ni mmoja wa hao elfu arobaini na moja?"

"Hapana," Fundi akasema. Hakuwahi kunidanganya, hilo lazima niliseme.

* * *

Foleni nilimwachia mwenzangu wa zamu, nikaenda kumtafuta Bi Nyanzala, nikamkuta stoo ya mashuka. Ndipo walipomweka baada ya kufunga chumba chake, mwanamke aliyeandaa wagonjwa wa nyonga miaka ishirini na mbili, anakunja mashuka na kuandika idadi yake ukutani kwa chaki kwa sababu kompyuta ya stoo haimtambui.

"Ha, Mzaramo kapotea njia," akasema bila kugeuka. "Kalale mtani, hapa hakuna ngoma."

"Bi Nyanzala, nina mgonjwa."

"Mpe Fundi wako."

"Nimemfumua."

Hapo akageuka. Ana macho makubwa yanayomtazama mtu kama anampima shuka. Nilimweleza yote kwa mbio: ukungu, hewa, kibofu, jopo saa nane. Sikumaliza.

"Asubuhi kanywa nini?" akauliza.

"Hajala. Kibanda kimemuuliza, amejibu hajala."

"Sikuuliza kala nini, we Sikudhani. Nimeuliza kanywa nini."

 Alichukua kanga kwenye rafu, akapima urefu wake kwa mikono miwili, akaiacha, akachagua nyingine ndefu zaidi. Kisha akanipita mlangoni na kunitangulia. Hakusema "niliwaambia". Miaka minne alikuwa na haki ya kusema hivyo kila asubuhi, na hakuwahi kusema, na mimi nilifikiri ni kwa sababu hana hoja.

Chumba cha maandalizi kilikuwa kimejaa viti vibovu. Tulivitoa sisi wawili. Kalunde alikuwa amekaa kwenye benchi la nje amevaa gauni la hospitali, mikono mapajani, anatutazama.

"Pole mwanangu," Bi Nyanzala akamwambia. "Naitwa Nyanzala. Hawa wenye mashine wamekulaza kabla hujawa tayari, si kosa lako. Ingia tuongee ya wanawake."

Akafunga mlango. Mimi niliruhusiwa kukaa pembeni nikae kimya, masharti yalikuwa hayo.

"Asubuhi umekunywa nini?"

"Uji tu, mama. Uji wa ulezi, bakuli mbili. Safari ya kutoka Sikonge si unaijua."

"Saa ngapi?"

"Saa moja, pale nje getini."

"Na yule wa kibandani alikuuliza umekula?"

"Aliniuliza umekula chochote. Nikasema hapana." Alimtazama Bi Nyanzala, kisha mimi, kama mwanafunzi anayeanza kuogopa. "Sijala, mama. Nimekunywa uji."

"Hujakosea. Uji hauliwi, hunywewa. Kila mtu anajua." Bi Nyanzala hakunitazama aliposema hivyo, na ningefurahi kama angenitazama. "Na akakuuliza umekwenda chooni."

"Ndiyo. Nikasema nimekwenda. Nilikuwa nimebanwa na mkojo, nikakojoa wote."

"Choo chenyewe umepata lini? Kile kikubwa."

Kalunde akainamisha kichwa. "Jumapili."

"Na hii leo Jumatano. Haya. Na chuma? Alikuuliza una chuma mwilini."

"Sina chuma."

Bi Nyanzala akasogea karibu, akateremsha sauti. "Na kiunoni?"

Kalunde alivuta gauni likaze juu ya mapaja. Nikaelewa lile doa jeusi la pembeni, na nikaelewa pia kwamba hata ningeuliza mara mia mimi na koti langu jeupe nisingejibiwa. Shanga za kiunoni ni za mtu na mumewe. Kibanda cha mapokezi, mbele ya foleni ya wanaume, ndicho kitakachoambiwa?

"Ni shaba," akanong'ona. "Kifungo chake tu. Shaba si chuma."

"Kweli si chuma. Ndiyo maana mlango wa kunasa chuma haukupiga kelele. Lakini sumaku inaiona, inachafua picha. Mwanangu, usinifiche mimi. Mficha uchi..."

Akajikata. Nilimwona anaweka mkono mdomoni, mwanamke huyo ambaye hajawahi kukosa neno. Methali ilikuwa imeshamtoka nusu, na nusu iliyobaki kila mtu aliyezaliwa katika lugha hii anaijua.

"Hazai," Kalunde akamalizia. Machozi yalimtoka na wakati huohuo alikuwa anacheka. "Ndiyo maana nimekuja, mama." Akaingiza mikono chini ya gauni, akafungua shanga zake, akazimimina kiganjani mwa Bi Nyanzala.

* * *

Maswali yale ya kibandani niliyaandika mimi.

Haya, nimesema. Waliponiomba, miaka minne iliyopita, nilikaa dawati langu nikaandika kwa dakika kumi: Umekula chochote tangu jana usiku? Umekwenda chooni? Una chuma chochote mwilini? Kiswahili sanifu, kifupi, hakina kosa la sarufi. Nilijivuna. Mimi wa Pwani, mwenye lugha, nikawaandikia wa bara. Wala sikumuuliza aliyekuwa anaifanya kazi hiyo kwa mdomo wake kila siku. Kuuliza si ujinga, tunawaambia watoto, halafu sisi wenyewe tunapita.

Nilikuwa bado naukodolea macho ukuta wa chumba kile simu yangu ilipoita. Dokta Mhoja, msomaji wetu wa picha, mtu mwema na mwenye haraka.

"Sikudhani, nimeona umefumua ya Mihayo. Kulikoni? Fundi kasema tisini na saba."

"Fundi anasema kweli kuhusu watu elfu arobaini na moja, dokta. Huyu si mmojawapo."

"Tisini na saba ni tisini na saba."

"Ndiyo. Na kama huyu ni mmoja wa wale watatu waliobaki katika mia, kesho tunaanza kumchoma kizazi chake kizima kwa picha ya wanawake wengine."

Sikuwa nimewahi kumjibu hivyo. Nilisikia kalamu yake inagonga meza.

"Na ukirudia ukakuta umevuka kweli? Utakuwa umempa binti wa watu matumaini ya saa chache, kisha umnyang'anye. Umefikiria hilo?"

Nilikuwa nimelifikiria. Hakuna uongo katika swali lile. Mtu aliyeshapokea habari mbaya ameanza kulia, na kulia nako ni safari, ameshaianza. Ukimrudisha mwanzo halafu umpitishe tena njia ileile, umemfanyia wema gani?

"Nitamwambia kabla," nikasema. "Aamue yeye."

"Saa sita unusu picha iwe mezani kwangu. Kwa jina lako, Sikudhani."

Nikarudi ndani, nikamwambia Kalunde kila kitu: Fundi amesema umevuka, lakini kipande hicho cha kushoto si mwili wake, mimi sijui ukweli uko wapi, na picha ya pili inaweza kusema vilevile. Bi Nyanzala aliniachia niseme mpaka mwisho bila kunisaidia.

"Mzinga ukiupima kwa kuutazama wa jirani," Kalunde akasema, "utavuna masega matupu. Nipigeni yangu."

* * *

Sasa nieleze kazi ya Bi Nyanzala, maana nimekaa nayo jengo moja miaka mingi na nilikuwa sijawahi kuiona.

Kwanza alihesabu kurudi nyuma. Uji wa saa moja, ifikapo saa sita utakuwa umeteremka na tumbo limepoa, kwa hiyo saa sita ndiyo saa yetu, hata jopo likiwa linasubiri. Saa nne na nusu alimpa dawa ndogo ya kuingiza kwa nyuma, akamfundisha alale ubavu gani, akamsindikiza mpaka mlango wa choo na kusimama nje anamsimulia habari za mbuzi wake mwizi, kwa sauti, ili binti asione haya kwa sauti zake mwenyewe. Alipotoka, akamuuliza moja tu: "Umejisikia mwepesi?" Kalunde akaitikia kwa kichwa. Ile hewa iliyopinda picha yangu ilikuwa imeondoka, bila umeme, bila cherehani.

Saa tano na robo akampa vikombe viwili vya maji, si kimoja wala si vitatu. "Kibofu kisijae ukahangaika, kisiwe kitupu matumbo yakashuka. Kiwe kama mto, kiyainue." Akamkataza kukojoa tena. Kila robo saa alimuuliza, "Umefikia wapi?" na Kalunde alijibu kwa kuonyesha vidole, kana kwamba walikuwa na lugha yao tangu zamani.

Kisha pumzi. Nilitegemea amwambie atulie, kama nilivyomwambia mimi. Badala yake alipanda kitanda cha pili, akalala chali kando yake, mwanamke wa miaka hamsini na sita na viatu vyake vya kazini, akaweka mkono juu ya tumbo lake mwenyewe.

"Tazama langu. Tumbo likipanda, kizazi kinapanda nalo, picha inafutika. Wewe umetulia mikono na uso, nimeambiwa. Sasa tuhamishe pumzi. Iende mbavuni. Mzingani unahema wapi?"

"Puani tu. Juujuu."

"Basi nipe hiyo ya mzingani."

Wakahema pamoja muda mrefu. Mimi nikajikuta nahema nao. Ndipo alipochukua ile kanga ndefu aliyoichagua stoo, pamba tupu, akaikunja mara nne, akamzungushia tumboni na kuikaza, fundo likakaa ubavuni. Kibwebwe. Kile tunachojifunga tukitaka kutwanga, kucheza ngoma au kufanya kazi kweli. Tunakitaja kila siku, jifunge kibwebwe, mpaka tumesahau kwamba ni kitambaa, na kwamba kinaweza kulishika tumbo lisipande.

"Kinakubana?"

"Kinanishika," Kalunde akasema.

Uzuri wa kazi hiyo ulinijia ghafla, nikapandwa na hasira. Hasira kwamba kitu kizuri kiasi kile kilikuwa kinakunja mashuka. Muuguzi alikuja akamchoma sindano ya kutuliza matumbo saa sita kamili, na Bi Nyanzala akamtembeza mpaka mlangoni kwangu polepole, amemshika mkono wa kulia, shanga zimo mfukoni mwake.

* * *

Picha ya pili ilichukua dakika ishirini na sita. Fundi sikumzima, sina ugomvi naye, lakini nilimwambia asiguse mpaka nimalize.

Kipande cha kwanza kilipotokea kwenye kioo nilisogeza kiti karibu. Hakuna wimbi. Kibofu kimekaa kama mto, kimeyainua matumbo yote, na chini yake kizazi kimelala kimenyooka, kila tabaka limejitenga na jingine. Mlango wa kizazi, na uvimbe ndani yake, upo, sikuuombea usiwepo. Na kuuzunguka uvimbe huo, mduara mweusi mwembamba, kama jicho lililopakwa wanja kwa mkono usiotetemeka. Kulia mzima. Nyuma mzima. Kushoto nikakuza mara mbili, mara nne, nikapita nao milimita kwa milimita mpaka ukakutana na ulikoanzia.

"Fundi, sasa unaweza kushona."

"Sehemu inayohitaji kushonwa ni asilimia mbili," akasema. "Taswira hii inazidi uwezo wangu wa kuiboresha."

Sijui kama mtambo unaweza kustahi. Mimi nilisikia heshima.

Dokta Mhoja hakupiga simu, alishuka mwenyewe. Alisimama nyuma ya kiti changu, akaitazama ile ya asubuhi iliyoshonwa, akaitazama hii. Akavua miwani.

"Haujavuka," akasema. Kisha, "Nani ameandaa?"

Nikamwonyesha kwa kidevu. Kwenye dirisha la kioo, Bi Nyanzala alikuwa anamfungua Kalunde kibwebwe, na Kalunde amebana miguu kwa mkojo anamwomba afanye haraka.

Matokeo hutolewa na daktari, si mimi, na Dokta Mhoja aliyatoa palepale mlangoni. Mbele ya jopo angesema hivyohivyo: apelekwe kwa mpasuaji, kizazi kibaki. Kalunde alisikiliza mpaka mwisho. Hakupiga kelele wala hakupiga magoti. Alikuja kwenye kioo changu, akaunyooshea kidole ule mduara.

"Hii ni yangu?"

"Yote," nikamwambia. "Yote ni yako."

* * *

Ilibaki fomu. Ukirudia picha, mfumo haukuachii uondoke mpaka ujaze sababu, na sababu zimeandikwa tayari, wewe unagusa tu. Mgonjwa alitikisika. Hitilafu ya umeme. Mgonjwa hakufuata maelekezo.

Hiyo ya tatu nimeigusa mara nyingi maishani mwangu. Inafaa kila mahali, na mgonjwa haioni kamwe. Kidole kilikuwa kimeshafika. Ningeigusa, yangeisha, kila mtu amefurahi, kizazi cha Kalunde kimepona, mimi shujaa.

"Fundi," nikasema, "tangu tufungue kibanda, wanawake wangapi wamejibu hawajala, na picha zao umezishona zaidi ya asilimia thelathini, ukasema uvimbe umevuka?"

"Mia mbili na kumi na wanne."

Wengi wao uvimbe ulikuwa umevuka kweli, nilijua. Si wote. Nisingeweza kujua ni nani na nani, na wao wasingejua kamwe, kwa sababu walijibu vizuri swali baya, lililoandikwa na mwanamke anayejua Kiswahili.

"Wangapi hawajaanza mionzi?"

"Kumi na tisa."

Chini ya zile sababu tatu kuna mstari mtupu unaosema Nyinginezo. Niliandika hivi, neno kwa neno, na hayo ndiyo yaliyosomwa baadaye mbele ya kamati nilipoitwa kujieleza: Mgonjwa alifuata maelekezo yote. Maelekezo niliyaandika mimi, nayo yana kosa. Uji hauliwi. Naomba picha mia mbili na kumi na nne zifumuliwe.

Nikaweka jina langu.

Bi Nyanzala alikuwa ameingia, amesimama nyuma yangu anasoma. Nilingoja aniambie alichokuwa nacho moyoni miaka minne. Nilikistahili na nilikuwa tayari.

"Sikudhani," akasema, "leo umedhani." Akavuta kutoka koridoni kimoja cha vile viti vibovu, akajaribu miguu yake, akakaa. "Nipe majina ya hao kumi na tisa. Na simu."

Nikamsomea la kwanza, mama mmoja wa Nzega. Simu iliita muda mrefu kabla haijapokelewa. Bi Nyanzala akaketi vizuri, akailainisha sauti.

"Hujambo mwanangu. Napiga kutoka Miombo, chumba cha maandalizi. Usishtuke. Hebu nikumbushe, siku ile ya picha, asubuhi ulikunywa nini?"